Pua ya Gari la Lita

Wako wanaosema maiti haondoki na kitu. Hao hawajawahi kukaa na mashati ya marehemu kabatini. Mume wa Mama Mapazia alipozikwa aliacha kila kitu chake, kuanzia ndara mpaka mswaki, ila harufu yake aliichukua. Tena hakuichukua kwa mkupuo. Aliihamisha kidogo kidogo kama mpangaji mwenye deni: leo kola, kesho kwapa, keshokutwa mto wa kitandani. Mwaka haukuisha, mashati yote yakawa yananuka kabati.

Na haikuwa harufu ya kusifiwa, tusidanganyane. Mwanamume yule aliwajazia watu mafuta kwenye kituo cha petroli tangu ujana wake mpaka presha ilipomwangusha palepale penye pampu. Watu walimwita Lita, na mama yake mzazi naye akazoea kumwita hivyo. Lita alinuka petroli. Alioga kwa sabuni ya unga, akaoga kwa ndimu, akajisugua kwa majivu, akatoka bafuni ananuka petroli iliyooga. Mkewe alishona mapazia sebuleni, na mapazia hushika harufu kuliko kitambaa kingine chochote, kwa hiyo kila jioni alimpigia kelele kabla hajavuka kizingiti. "Shati huko huko nje! Usiguse hicho kitambaa cha watu! Rudi bafuni!" Lita alikuwa akicheka, halafu anarudi bafuni. Mkewe angejua, asingemrudisha hata siku moja. Majuto ni mjukuu, wanasema, na yeye ambaye hakujaliwa hata mtoto, mjukuu huyo alimpata.

Marehemu alimwachia vitu viwili, vyote vya umri mkubwa na vyote vyenye malalamiko: gari na mama.

Gari lilikuwa refu, la mlango wa nyuma, na viti vyake vya nyuma vililazwa siku zote ili marobota ya mapazia yapate pa kulala. Mama mkwe naye alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye mtandio wa kijivu na presha inayopanda na kushuka ipendavyo. Baada ya msiba ndugu walitegemea mmoja wao ataondoka. Mjane angerudi kwao, au kikongwe angekwenda kwa binti yake. Hakuondoka mtu. Walibaki wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, wakila pamoja, wakisalimiana vizuri, na jina la Lita wasilitaje. Si kwamba waligombana. Kila mmoja alimhurumia mwenzake, akaogopa kumliza. Basi wakaongea chumvi, wakaongea presha, wakaongea bei ya ndoano za mapazia.

Ndipo asubuhi moja taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka mbele ya usukani. Mama Mapazia aliitazama, akaona gari linaenda, akaiacha iwake. Taa ngapi maishani zinawaka na watu wanaendelea na safari? Lakini baada ya siku kadhaa gari likaanza kutetema likisimama kwenye foleni, na bomba la moshi likawa jeusi kama sufuria ya kuni. Kisha ikaja siku aliyofungua mlango, akaingiza mguu mmoja, akasimama hivyo hivyo, nusu ndani nusu nje.

Lita alikuwamo ndani ya gari.

Si mzimu, msianze. Ilikuwa petroli, petroli mbichi iliyokaa usiku kucha katika vitambaa vya viti. Lakini pua haijui hesabu hizo. Pua ilimwambia kwamba mume wake amerudi kazini, amekaa pale kwenye kiti cha pembeni, anasubiri kufokewa. Mama Mapazia akaingia, akafunga mlango, akapandisha vioo vyote, akalia mpaka akaloweka kola ya gauni. Alipomaliza akajisikia mwepesi. Tangu siku hiyo akawa anatafuta safari. Uzi ukiisha, gari. Uzi usipoisha, gari.

Hasara zilianza kuja zenyewe. Mteja mmoja alirudisha mapazia ya chumba cha kulala akisema mume wake amemuuliza kama wamehamia gereji. Kichwa cha Mama Mapazia kiligonga kila jioni, akakisingizia cherehani. Na mama mkwe, aliyekuwa akipelekwa kliniki ya presha kwa gari hilo hilo, akapata lalamiko jipya.

"Gari lako hili linanitoa machozi," alisema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Petroli inaniingia machoni."

"Pole mama. Fungua kioo basi."

"Nifungue kioo? Upepo unaniumiza masikio, wewe hujui?"

"Nitalipeleka kwa fundi."

"Fundi, fundi. Mafundi wa siku hizi ukiwapelekea taa wanakuuzia injini. Endesha tuchelewe kufika."

Alimaanisha wasichelewe, lakini ulimi wa mtu mzima ukishateleza hauinuliwi na mkamwana. Mama Mapazia aliendesha. Kikongwe aligeukia dirishani, kioo juu, machozi yakimtiririka njia nzima bila haya, maana petroli ndiyo iliyobeba lawama.

Siku mambo yalipogeuka ilikuwa siku ya kliniki na foleni haikusogea. Lori lilikuwa limelala barabarani huko mbele, na magari yalikaa yakinguruma tu. Vioo vilikuwa juu, kama kawaida. Mama Mapazia alivuta pumzi akamsikia Lita, akafumba macho kidogo. Alipofumbua, kichwa cha mama mkwe kilikuwa kimeangukia begani, mdomo wazi, rangi imemtoka. Akamtikisa. Kikongwe akafumbua macho, akauliza wamefika wapi, na walipofika kliniki akatapika mlangoni.

Nesi aliyempokea aliunusa mtandio wake, akamgeukia Mama Mapazia. "Mmekuja na gari au mmekuja na tangi?"

"Gari lina shida kidogo."

"Shida kidogo? Dada, moshi wa namna hiyo unaua watu wamekaa vitini wanasubiri taa. Mpeleke mama nyumbani kwa teksi. Hilo gari lipeleke kwa fundi leo, usinisubirishe nikuone hapa na maiti."

Mama Mapazia alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alijiona wazi alivyo: mtu ambaye angemuua mama kwa ajili ya kumnusa mtoto wake. Akamtafutia mkwewe teksi, akamfunika miguu kwa shuka, akageuza gari kuelekea gereji. Njia nzima alijilazimisha kufungua vioo, na kila upepo ulipoingia aliona kama anamsukuma mtu nje.

Fundi wa gereji walimwita Dokta, kwa kuwa hakuligusa gari kabla ya kulipima. Alikuwa na kimashine cha kuchomeka chini ya usukani, na alikisoma kwa uso wa kutoa habari za msiba hata kama ni fyuzi tu. Siku hiyo alisoma, akatikisa kichwa, akalala chini ya gari, akatoka na masizi kwenye paji la uso.

"Mama, gari lako limekufa pua."

"Gari lina pua?"

"Linatushinda mimi na wewe. Huku chini kwenye bomba la moshi kuna kidude, sensa ya oksijeni. Sisi tunaiita pua. Inanusa moshi unaotoka, ikiona petroli imezidi inaiambia kompyuta, 'Punguza, unamwaga.' Sasa yako haisikii kitu. Kompyuta inamimina tu, kama mpishi mwenye mafua aliyeshika kopo la chumvi. Petroli nyingine haiungui, inatoka na moshi, gari lenyewe kuukuu lina matundu kama chekeche, mnaivuta ninyi."

"Ukibadilisha hiyo pua, harufu itapungua?"

"Itapungua?" Dokta alikaribia kukasirika. "Itakwisha, mama! Jioni leo unapanda gari hulijui."

Alilisema kama zawadi. Mama Mapazia alitafuta pa kukaa, akaona tairi, akalikalia.

Dokta akaleta vitu viwili mezani. Kimoja kilikuwa ndani ya boksi gumu lenye maandishi madogo, kingine ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa pini ya karatasi. Akalipiga boksi kidole. "Hii orijino. Ukiifunga unaisahau, mpaka gari life lenyewe." Akauinua ule mfuko kwa ncha za vidole kama anavyoinuliwa panya. "Hii kopi. Bei yake robo ya ile. Inafanya kazi, sikatai, ila sikufichi, haina maisha."

"Haina maisha vipi?"

"Inakufa mapema. Nyingine mwaka haumalizi."

"Ikifa?"

"Ikifa unarudi ulipotoka. Taa inawaka, gari linakohoa, harufu inarudi palepale."

"Inarudi vilevile?"

"Vilevile. Kama haikuondoka."

Fedha ya orijino alikuwa nayo, imekunjwa kwenye pochi. Alikuwa ameshaanza kuitoa. Akaikunja tena.

"Nifungie kopi," alisema.

Dokta alimtazama kwa huzuni ya mtu aliyekwisha kuona wabahili wengi. "Mama, rahisi ni ghali."

"Najua."

"Utarudi hapa."

"Inshallah," alisema Mama Mapazia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na uhai. Dokta alikwenda zake chini ya gari akinong'ona kuhusu watu wanaovaa viatu vizuri na kununua vipuri vya kutupa.

Kopi ina ushamba wake. Orijino huja na soketi, unachomeka, umemaliza. Kopi huja na nyaya nne zinazoning'inia kama miguu ya pweza aliyeponea chupuchupu, nawe unakata soketi ya pua ya zamani, unaunga waya kwa waya. Dokta alikuwa bado anahubiri kuhusu ubahili wakati wa kuunga, na mhubiri haangalii mikono yake. Aliunga nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, zilizobaki akazioanisha kwa kuzikadiria. Akafunga utepe, akaingia kwenye usukani, akawasha.

Gari likatetema. Taa ya njano ikawaka. Moshi ukatoka mweusi ule ule, na upepo ukauleta mpaka pale penye tairi alipokaa mteja.

Mama Mapazia aliinuka. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeona basi lake halijaondoka. "Basi, fundi," alisema haraka. "Umejitahidi. Iache tu hivyo hivyo."

"Niiache?" Dokta alichomoza kichwa dirishani. "Hivi hivi?"

"Ndiyo. Nitakulipa kamili. Iache."

"Mama, mimi nina jina mtaa huu! Nikuachie gari linanuka vile lilivyokuja, halafu uende useme limetoka kwa Dokta?"

"Sisemi."

"Gari litasema lenyewe!" Akazima injini, akarudi chini, na kule chini akacheka kwa kujidharau. "Astaghafiru. Nimefuata rangi. Kopi ina rangi zake, mama, haifuati za orijino. Hizi nyeupe mbili ndizo za kupashia moto. Kwenye ile ya zamani zilikuwa nyeusi mbili. Nimeiunga kichwa chini miguu juu. Bahati nzuri haijaungua."

Bahati nzuri. Mama Mapazia alikaa tena kwenye tairi. Alijua angeweza kuchukua ufunguo wake akaondoka, gari ni lake. Lakini alimkumbuka mama mkwe na kichwa chake kilivyoanguka begani, na mdomo ule uliokuwa wazi. Akakaa. Alisikia mkasi ukikata, kisha koleo, kisha utepe ukivutwa. Safari hii Dokta hakuhubiri.

Injini ilipowaka ilinguruma laini, haikukohoa. Moshi wa kwanza ulitoka kijivu, wa pili haukuonekana. Dokta akafuta taa kwa kimashine chake, akafungua milango yote minne na ule wa nyuma ili gari lipate hewa, akaliacha wazi hivyo kwa muda mrefu. Alifikiri anafanya hisani. Mama Mapazia aligeuza uso, hakutaka kutazama milango ile.

Kabla hajaondoka Dokta alimkabidhi pua ya zamani imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ndio uliokuwa utaratibu wake, kila kilichotolewa garini mteja aondoke nacho, asije akasema kwamba ameibiwa. Alipofika kwenye kona ya kwanza Mama Mapazia alisimama, akafungua lile gazeti, akanusa. Masizi na chuma. Akanusa kiti cha pembeni, akainama mpaka paji la uso likagusa kitambaa, na hapo akapata kidogo sana, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Kufikia siku ya kliniki iliyofuata hata hicho kidogo kilikuwa kimekwisha.

Siku hiyo mama mkwe alitoka amevaa mtandio wake wa kijivu, akafungua mlango, akaingia, akakaa. Mama Mapazia alikwisha kuandaa maneno. "Lipo sawa sasa, mama. Halitakutoa tena machozi."

Kikongwe alivuta pumzi mara moja, puani, taratibu. Akavuta tena. Akaigeuza pua kuelekea nyuma, kisha kuelekea kwenye paa, kama mtu anayemtafuta mtoto aliyejificha. Halafu akatulia, mikono mapajani. Waliondoka.

Barabara ilikuwa wazi siku hiyo. Walipita soko, wakapita shule, bado hakusema, na Mama Mapazia akaanza kuogopa kwamba presha imepanda. Walipofika mzunguko wa barabara kuu, kikongwe akashika mpini wa kioo akauzungusha, akauzungusha mpaka kioo kikashuka chote. Upepo ukaingia, ukaunyanyua mtandio.

"Mama, masikio yako!"

"Masikio yangu hayana kitu."

"Si ulisema upepo unakuumiza?"

"Nilikuwa namfungia," alisema mama mkwe. "Nilikuwa nafunga asitoke."

Mama Mapazia aliwasha taa ya pembeni, akaegesha gari kando ya barabara bila kujua alivyoliegesha. Magari yalipiga honi yakapita. Alimgeukia mkwewe, akakuta machozi yanashuka kwenye mashavu yale yale, kwenye njia zile zile, na ndani ya gari hakukuwa na tone la petroli la kusingiziwa.

"Umeona?" kikongwe alisema, akijifuta, akicheka kidogo kwa aibu. "Na sasa nitamsingizia nani?"

"Mama, mimi nilidhani niko peke yangu."

"Peke yako wewe! Nimemzaa mimi. Kila ukiniambia tunakwenda kliniki nilikuwa naoga mapema kama bibi harusi." Akapenga kamasi. "Nikamwonea haya mkwe wangu. Nikasema, huyu mtoto anajikaza, nikimlilia nitambomoa."

Ndipo Mama Mapazia akabomoka. Alilia kwa sauti, pale pale kwenye usukani, na mkono mkavu wa mama mkwe ukawa unampiga mgongoni polepole. Walimtaja. Walimtaja Lita kwa jina lake la utani na kwa jina alilopewa na baba yake, wakataja sabuni ya unga, na ndimu, na majivu. Mama Mapazia akasema jinsi alivyokuwa akimrudisha bafuni, akaomba msamaha kwa mama yake kwa kuwa mwenyewe hayupo wa kuombwa. Mama mkwe akasema alikuwa akisikia kelele zile kutoka chumbani kwake, na Lita akipita dirishani kwake kwenda bafuni alikuwa akimnong'oneza, "Mama, leo nimefukuzwa tena," akifurahi kama aliyepewa zawadi.

Walipopoa kidogo, Mama Mapazia alifungua kisanduku cha mbele, akatoa ile pua ya zamani ndani ya gazeti lake, akaiweka kwenye kiganja cha kikongwe. Mama mkwe aliigeuza huku na huku.

"Ndicho kilichokuwa kinamleta?"

"Hiki kilipokufa ndipo yeye akarudi."

"Na hicho kipya ulichoweka," aliuliza mama mkwe, akikunja gazeti kwa uangalifu, "ni cha maana au cha ovyo?"

Mama Mapazia alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Fundi alinishauri orijino. Mimi nikachukua kopi. Cha rahisi kabisa, mama. Anasema hakina maisha."

Kikongwe akaitazama ile taa ya mbele ya usukani iliyozimika. Kisha akamtazama mkamwana wake tangu kichwani mpaka kwenye magoti, kama siku aliyoletwa nyumbani kwake kwa mara ya kwanza.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. Akashika mpini wa dirisha, akazungusha kioo mpaka juu, akaubana mpini kuhakikisha kioo hakiachi upenyo. "Twende."